Masharti ya dawa ya usingizi yasiwafungie mlango watu wenye ulemavu

Kwa watu wengi kung'oa jino ni kazi ya nusu saa. Sindano ya ganzi, kusubiri kidogo, koleo, pamba, na mtu anarudi kwenye meza yake sokoni Arua au Koboko kabla ya saa sita mchana. Lakini wapo wasioweza kukaa kwenye kiti hicho. Yupo kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye shingo na mikono yake haimtii. Yupo mtoto mwenye usonji anayeshtushwa na mwanga na mlio wa mashine. Yupo mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa wa akili asiyeelewa kwa nini mgeni anamtia chuma kinywani. Kwa watu hawa ganzi peke yake mara nyingi haitoshi. Wanahitaji dawa ya kutuliza, au walazwe kabisa kwa dawa ya usingizi, ndipo meno yao yatibiwe.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Nchini Uganda dawa ya usingizi haitolewi na kila mwenye koti jeupe. Madaktari na madaktari wa meno husajiliwa na baraza lao la kitaaluma. Maofisa wa dawa ya usingizi na maofisa wa afya ya meno wenye diploma, ambao ndio wengi katika wilaya za mbali, wako chini ya baraza jingine la kada za afya. Dawa zenyewe zinasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Baadhi ya dawa za kutuliza, kama diazepamu na midazolamu, zimo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo zinahitaji cheti cha daktari na daftari la kumbukumbu.

Gazeti hili haliombi masharti hayo yalegezwe. Linasema kwamba serikali inayoweka kizingiti juu ina wajibu wa kuleta ngazi. Huko West Nile kizingiti kipo, lakini ngazi haijafika kwa kila anayeihitaji.

Kwa nini masharti yapo

Matibabu ya meno chini ya dawa ya usingizi yana hatari isiyopatikana katika upasuaji wa mguu au mkono. Daktari wa meno na mtaalamu wa usingizi wanafanya kazi kwenye mlango mmoja, yaani kinywa. Njia ya hewa ya mgonjwa inapita hapo hapo ambapo damu, mate, maji na vipande vya meno vinadondoka. Mgonjwa aliyelala hawezi kukohoa ili kujiokoa. Lazima pawe na mrija wa kulinda njia ya hewa, mashine ya kufyonza, oksijeni, kipimo cha kidoleni kinachoonyesha kiasi cha oksijeni katika damu, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kumwangalia mgonjwa anavyopumua.

Mtu mwenye ulemavu huongeza mambo ya kuangalia. Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Down wana kasoro ya moyo, na baadhi yao wana viungo vya shingo vilivyolegea ambavyo havitakiwi kupindwa ovyo. Wenye mtindio wa ubongo mara nyingi hupata shida ya kumeza, na chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu. Mwenye kifafa asipokunywa dawa yake asubuhi ya upasuaji anaweza kupata degedege mezani. Tena fenitoini, dawa ya kifafa inayotumika sana kwa kuwa ni rahisi, huvimbisha ufizi kwa baadhi ya wagonjwa hadi unafunika meno. Mswaki haufiki, na kuoza kunaanza.

Upungufu wa vifaa na watu nao si hadithi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa dawa ya usingizi nchini Uganda kama wana vifaa vya kufanya kazi yao kwa usalama. Waliosema wanaweza kumlaza mtu mzima kwa usalama walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto walikuwa asilimia 13, na kwa mama anayejifungua kwa upasuaji asilimia 6 tu. Miaka imepita na vifaa vimeongezeka, lakini pengo la wataalamu bado ni kubwa. Shirikisho la dunia la wataalamu wa dawa ya usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Uganda haijafikia hata mmoja kwa idadi hiyo. Mzigo unabebwa na maofisa wenye diploma, na wengi wao wanafanya kazi bila bingwa wa kumuuliza karibu.

Kwa hiyo anayedai kila kliniki ya meno iruhusiwe kulaza wagonjwa, ili mradi wateja wapo, anaomba msiba. Uingereza ilijifunza hilo. Kwa miaka mingi meno yalitibiwa kwa dawa ya usingizi katika kliniki za mitaani, na vifo vikatokea. Ripoti ya serikali ya mwaka 2000 ilisema kazi hiyo ihamie hospitalini, na kufikia mwisho wa mwaka 2001 kliniki za mitaani zilikuwa zimeiacha. Usalama ulipatikana, lakini foleni ikahamia hospitalini, na mpaka leo kung'oa meno yaliyooza ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto wa Uingereza wa miaka 5 hadi 9 kulazwa. Wao walikuwa na hospitali za kuipokea foleni hiyo. Nchi inayochukua sharti la Uingereza bila hospitali za Uingereza imechukua nusu tu ya mpango.

Jino linalosubiri

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua inahudumia wagonjwa wengi wa West Nile, na haikatazi wagonjwa wanaovuka kutoka Ituri au Sudan Kusini. Wilaya za West Nile zina makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, na Koboko yenyewe ina wakimbizi wa Kongo huko Lobule. Chumba cha upasuaji kina mpangilio wake wa haki: mama ambaye mtoto amekwama huingia kwanza, kisha majeruhi wa ajali ya boda boda, kisha mwenye utumbo uliojifunga. Jino la kijana asiyezungumza huwekwa mwisho wa orodha. Siku ikiisha, orodha inaanza upya kesho na dharura mpya.

Hakuna muuguzi wa kulaumiwa kwa mpangilio huo. Lakini matokeo yake yanafaa kutazamwa bila kupepesa macho. Jino lililotoboka halisubiri na halijiponyi. Usaha hujikusanya kwenye mzizi, uso unavimba, na uambukizo unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni hadi ukabana njia ya hewa. Hapo mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji kama dharura, akiwa na homa, kinywa hakifunguki na koo limevimba. Kumlaza mtu wa namna hiyo ni moja ya kazi ngumu kuliko zote kwa mtaalamu wa usingizi, hata Kampala. Sharti lililowekwa ili kumwepusha mgonjwa na hatari limemsukuma kwenye hatari kubwa zaidi, kwa kumchelewesha tu.

Wanaokosa subira hutafuta njia nyingine, na wafanyabiashara wanazijua vizuri. Ya kwanza ni nguvu: wanaume wanne wanamshika mtoto, wa tano anang'oa. Jino linatoka, lakini mtoto huyo hatakubali tena kufunguliwa kinywa, na ugonjwa unaofuata utafichwa. Ya pili ni fundi wa meno asiye na leseni, ambaye hana hata ganzi ya kuaminika. Ya tatu ni vidonge vya diazepamu, ambayo wengi sokoni wanaiita Valium, vinavyonunuliwa kwa rejareja bila cheti. Mtoto anapewa nyumbani kabla ya safari, kisha anabebwa kwenye boda boda akiwa amelegea, kichwa kimeinama na hewa inapita kwa shida. Hakuna anayehesabu pumzi zake njiani.

Wenye uwezo huenda Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Ni nauli ya watu wawili au watatu, malazi, chakula, na meza iliyofungwa sokoni kwa wiki nzima. Mwishoni mwa mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, hata safari hiyo iligeuka kuwa mzunguko mrefu. Mzazi anayeishi kwa mauzo ya kila siku hawezi kufanya safari hiyo kwa ajili ya jino mpaka jino liwe limeshakuwa hatari ya kifo.

Ahadi zilizoandikwa

Haki ya watu hawa haihitaji kubuniwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Mwaka 2008 Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 25 kinataka wapate huduma za afya za kiwango sawa na wengine, tena karibu na wanakoishi, vijijini pia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020 ikaleta wajibu huo nyumbani. Sensa ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba takriban asilimia 12 ya Waganda wenye umri wa miaka 2 na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Wanaohitaji kulazwa ili watibiwe meno ni sehemu ndogo tu ya hao, na udogo wa idadi yao ndio unaofanya kazi hii iwezekane. Hakuna anayeomba hospitali mpya. Kinachohitajika ni siku moja katika mwezi.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao, katika kifungu cha 120, unazitaka nchi wanachama ziwe na msimamo wa pamoja kuhusu makundi yaliyoachwa nyuma, watu wenye ulemavu wakiwemo. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Kwa hiyo Kaya, Oraba, Vurra na Ariwara zote sasa ziko ndani ya nyumba moja.

Katika biashara nyumba hiyo imefanya kazi inayoonekana. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa bila kuhitaji wakala. Lakini mama anayevuka kutoka Kaya na mtoto mwenye kifafa, mkobani ana fenobabitali, dawa iliyo chini ya mkataba ule ule wa mwaka 1971, hana karatasi yoyote ya aina hiyo. Akikosa cheti cha daktari, au cheti kikiwa kwa lugha ambayo ofisa haisomi, dawa inaweza kuzuiwa. Akifika Arua bila kumbukumbu za mtoto, mtaalamu wa usingizi mwenye uangalifu atamrudisha akafanye vipimo upya, na atakuwa na haki. Gunia la maharage linavuka na historia yake yote kwenye karatasi moja. Mtoto anavuka bila historia yoyote.

Kwamba nchi hizi zinaweza kushirikiana kwenye afya ya mpakani limeshathibitishwa. Ebola ilipogunduliwa Ariwara mwaka 2019, vituo vya kupima joto na kunawa mikono viliimarishwa kwenye vivuko vya West Nile, na maofisa wa pande zote wakapeana taarifa. Walifanya hivyo kwa sababu ugonjwa ule ungeweza kumfikia kila mtu. Jino lililooza haliambukizi ofisi yoyote, na pengine ndiyo maana hakuna aliyelipigia simu kuvuka mpaka.

Kinachowezekana sasa

La kwanza ni uwazi. Wizara ya Afya na mabaraza ya kitaaluma wabandike katika kila kituo chenye huduma ya meno mwongozo wa madaraja: nini kinaweza kufanyika kwa ganzi katika kituo cha afya, nani anaruhusiwa kutoa dawa ya kutuliza na akiwa na vifaa gani, na mgonjwa yupi lazima aende hospitali ya rufaa. Wagonjwa wengi wenye ulemavu hawahitaji kulazwa kabisa. Baadhi hutulia wakizoeshwa kiti mara mbili tatu, wakipewa nafasi ya kwanza asubuhi kabla ya kelele, mzazi akiwa pembeni. Ofisa asiyejua mipaka ya leseni yake ataogopa kumgusa mtu yeyote mwenye ulemavu na kumwandikia rufaa. Hofu hiyo inajaza foleni ya Arua bila sababu.

La pili ni siku maalumu. Hospitali ya Arua itenge siku moja kila mwezi, ijulikane na isifutwe kirahisi, kwa ajili ya meno ya watu wasioweza kutibiwa wakiwa macho. Timu moja ikilaza mgonjwa, imalize kila kitu kwa usingizi mmoja: kung'oa, kuziba na kusafisha. Bingwa kutoka Kampala akija West Nile mara moja kwa mwezi, gharama ya safari yake ni ndogo kuliko ya familia kumi kumfuata. Maofisa wa hapa nao wanajifunza wakimwona anavyofanya kazi.

La tatu ni kugawana kazi kati ya miji. Kutoka Oraba hadi Vurra ni barabara moja ya lami ya takriban kilomita 92, inayopita Koboko na Arua. Hospitali ya Koboko ifanye maandalizi yote: kupima uzito, kusikiliza moyo, kuandika dawa za kifafa, kupata kibali cha mzazi au mlezi. Watoto wengi huletwa na shangazi au bibi kwa kuwa mama yuko safarini Juba au Ariwara, na kibali kikikosekana siku yenyewe upasuaji unaahirishwa. Koboko pia iwafundishe wazazi sharti la kufunga: chakula kisiliwe saa sita kabla ya usingizi, na maji yakome saa mbili kabla. Familia inayoondoka mpakani alfajiri inahitaji kulijua hilo jana yake. Mtoto aliyenyweshwa uji njiani hatalazwa, na safari yote itakuwa imepotea.

La nne liko kwa Jumuiya. Mabaraza ya madaktari ya nchi wanachama tayari hukagua vyuo vya udaktari kwa pamoja na kutambua shahada za wenzao. Hatua inayofuata iwe kadi moja ya rufaa ya mgonjwa mwenye ulemavu, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, inayotaja ugonjwa, dawa anazobeba na kiasi chake, mizio, na mara ngapi amewahi kulazwa. Ofisa wa forodha aiamini kama anavyoamini cheti cha bidhaa.

La tano ni dawa zenyewe. Ketamini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985, na ndiyo inayofanya upasuaji uwezekane katika hospitali nyingi ndogo za Afrika. Mwaka 2015 ilipopendekezwa iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, Shirika hilo lilipinga, likihofia kwamba hospitali za vijijini zitabaki mikono mitupu, na uamuzi ukaahirishwa. Kila sheria mpya ya dawa za kulevya inayotungwa Kampala, Juba au Kinshasa ikumbuke onyo hilo: kamata mlanguzi, lakini usiifungie kabati ya hospitali.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Anayeuza diazepamu kwenye kibanda anauza hatari, hata kama mteja ni mama mwenye machozi. Anayevusha ganzi ya meno kwa magendo ajue kwamba adrenalini iliyomo huharibika kwa joto na mwanga. Boksi lililokaa chini ya bati Koboko mwezi wa pili huenda limeshapoteza nguvu, na mgonjwa atalisikia koleo lote. Kwa upande mwingine, vyama vya wafanyabiashara ndivyo vyenye sauti kwenye halmashauri za Arua na Koboko. Vimepigania vyoo vya sokoni, maghala na taa za mpakani. Viulize pia siku ya meno ni lini. Na dawa ya meno yenye floraidi, mzigo mwepesi unaouzika kila mahali, isikose kwenye meza zao, kwa sababu jino ambalo halijaoza halihitaji dawa ya usingizi.

Bajeti ya hospitali hupangwa kila mwaka, na viongozi wa wilaya huulizwa vipaumbele vyao kabla haijafungwa. Safari hii orodha ya West Nile iwe na mstari mmoja zaidi: siku moja ya chumba cha upasuaji kila mwezi, na mtaalamu mmoja wa kuisimamia. Sharti la usalama libaki lilivyo. Anayelitimiza tu ndiye asogezwe karibu.